Uzamivu wa kufundisha lugha ya pili: nyota nne kati ya tano

Nilikuwa nimefundisha Kiswahili kwa wageni miaka tisa nilipoanza shahada ya uzamivu, na niliingia na swali moja: kwa nini mtu ninayemsahihisha "kitabu yangu" Jumatatu anarudi nayo Alhamisi?

Programu niliyosoma ni ya miaka mitano, na inaendeshwa na idara za isimu, elimu na saikolojia kwa pamoja. Miwili ni ya darasani, unafuata mtihani wa kina, kisha tasnifu na kuitetea. Masomo ya darasani nayapa alama zote. Tulianza na makala ya Pit Corder ya 1967 kuhusu makosa ya wanafunzi, tukaja kwa Larry Selinker, aliyeandika mwaka 1972 kwamba mwanafunzi ana lugha yake ya kati yenye mfumo wake, ambayo si lugha mama wala si ile anayojifunza. Hapo nikaanza kuisikia "kitabu yangu" kwa sikio jingine. Mwanafunzi yule hakuwa akibahatisha. Alikuwa na kanuni yake na alikuwa akiifuata.

Semina iliyonifaa kuliko zote ilikuwa ya data. Kila mtu alirekodi vipindi vyake na kuvinukuu neno kwa neno kwa ELAN, programu ya bure inayokuonyesha mawimbi ya sauti huku ukiandika chini yake. Kuna kipande cha sekunde kumi na mbili nilichokirudia jioni nzima. Mwanafunzi anasema, "Kitabu yangu imepotea." Nasikika nikijibu, "Oo, kitabu chako kimepotea?" Naye, "Ndiyo, imepotea." Miaka yote tisa nilidhani hapo nimesahihisha. Yeye alisikia mtu anayempa pole.

Wiki iliyofuata tukasoma utafiti wa Roy Lyster na Leila Ranta wa 1997, uliofanywa katika madarasa ya Kifaransa huko Kanada. Asilimia 55 ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna hiyo hiyo, mwalimu kurudia sentensi ikiwa imenyooshwa, na ni asilimia 31 tu ya hayo yaliyopata itikio lolote kutoka kwa mwanafunzi. Mhadhiri wetu hakuturuhusu kuitupa mbinu hiyo. Alitutaka kwanza tuseme kosa ni la aina gani na mwanafunzi yuko kiwango gani. Siku hizi nasema "Kitabu...?" kisha nanyamaza. Kunyamaza kwenyewe kulinichukua muda kujifunza.

Nyota moja naipunguza kwa sababu ya takwimu. Somo hilo liliwekwa mwaka wa tatu, wakati data nimeshaikusanya. Ndipo nikagundua kwamba sikupanga jaribio la kurudia baada ya wiki kadhaa, hivyo nilichoweza kueleza ni walichokumbuka siku ileile tu. Ilibidi nirudi kamati ya maadili kuomba kibali upya na kuwatafuta washiriki mmoja mmoja. Muhula mzima ukapotea, na iliniuma sana, kwa sababu somo hilo lingewezekana kabisa kufundishwa mwaka wa kwanza.

Wasimamizi wangu walikuwa wawili. Wa isimu alitaka uchambuzi wa ngeli, wa elimu alitaka darasa, na sura ya tatu ilinirudia mara mbili ikiwa na maelekezo yanayopingana. Hata hivyo wote wawili walisoma kila ukurasa, tena kwa kalamu mkononi, na hilo nawashukuru hadi leo.

Kama unataka kuomba nafasi, uliza takwimu inafundishwa lini, na wasimamizi wakipishana nani ana neno la mwisho. Kisha uliza kama utapewa darasa la kufundisha wakati unasoma. Mimi nilipewa saa nne kwa wiki, na zile sekunde kumi na mbili zilitoka humo.