Mguu wangu wa bandia: soksi plai 11 na bado ulikuwa unacheza

Wadau habari. Mi nilikatwa mguu wa kulia chini ya goti 2019, ajali ya bodaboda, stori ndefu tuiache. Mwanzoni mwa 2020 nikapata mguu wa bandia, hizi za plastiki ngumu ya polipropilini, juu soketi, yaani kikombe unachoingiza mguu uliobaki, ndani ina laina (bitana) ya sponji, katikati bomba, chini wayo wa mpira. Nimeuvaa karibia miaka mitano. Naishi Mabatini kule juu kwenye mawe na Mwanza mnaijua wenyewe, huendi dukani bila kushuka jiwe na hurudi bila kupanda jiwe, kwahiyo huu mguu umepigishwa kazi kuliko wa mtu wa Shinyanga tambarare.

Mguu wenyewe naupa nane kwa kumi. Haujawahi kuvunjika, jioni unafuta ndani kwa kitambaa chenye sabuni, asubuhi unavaa. Shida ni kwamba ulishaisha muda wake kwangu na mi sina habari. Ukipewa mguu unafundishwa kuvaa, unafundishwa kutembea, ila kujua kwamba sasa umekukataa, hapo kila mtu anajifunza kwa maumivu yake.

Mi nilidanganywa na soksi. Wenzangu mnazijua, soksi za kuvaa kwenye kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, kuna nyembamba na nene, unene wake unahesabiwa kwa plai. Kigutu kinapungua hasa mwaka wa kwanza na nusu hivi, uvimbe unaisha, misuli inanywea, ila soketi ni plastiki yenyewe haipungui, so unaongeza soksi kujaza nafasi. Nilianza na plai tatu. Mwaka wa pili tano. Kufika 2024 navaa tano juu ya tano alafu juu kabisa moja nyembamba, jioni naongeza ingine, na najiona mjanja kweli. Kumbe soksi zikifika kama plai kumi hivi soketi sio yako tena, ni ya yule mtu uliyekuwa zamani.

Wa kwanza kujua ni mke wangu. "Baba Neema, nakusikia ukiwa bado huko chini kwa mama Juma, mguu unapuliza kama chupa ya soda." Nikamwambia ni viatu. Ilikuwa hewa, kila nikinyanyua mguu soketi inashuka kidogo, nikikanyaga inapanda, hewa inatoka puh. Na kulikuwa na sauti ya pili, klik, yenyewe ilikuwa ya chini huko kwenye wayo, hizi sauti mbili msizichanganye.

Alafu ngozi. Ukivua mguu ukakuta wekundu ambao baada ya dakika kumi, kumi na tano unapotea, hiyo kawaida. Wangu ulikuwa unalala nao unaamka nao, hapa mbele kwenye ncha ya mfupa wa ugoko, na chini ya pia ya goti. Na goti la kushoto, la mguu mzima, likaanza kuuma, na kiuno, nikawa natafuna diklofenaki kama karanga nikijua ni uzee, nina miaka 38 jamani.

Nikaenda nilikotengenezewa, jina la sehemu silitaji. Nimekaa benchi toka saa mbili asubuhi hadi saa saba, jamaa hata suruali hakuniambia nipandishe, kanipa soksi mbili mpya, ongeza hizi. Hiyo huduma naipa moja kwa kumi na hiyo moja ni kwa sababu benchi lilikuwa kivulini.

Desemba ya mwaka huohuo tunaenda Sengerema kwenye msiba, daraja la Kigongo-Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa. Mnakumbuka kivuko, abiria mnashuka kwenye basi mnaingia kwa miguu. Pale kwenye mteremko, watu wananisukuma nyuma, mama wa dagaa mbele na ndoo yake, mguu ukachomoka. Umebaki umesimama peke yake na kiatu chake na mimi nimemkumbatia mama wa watu. Alivyoangalia chini alipiga yowe lile. Baadae alicheka yeye akanipa na dagaa, ila siku ile nilitamani ziwa linimeze.

Jirani ndo akanipeleka kwa fundi mwingine, binti mdogo tu, kasoma TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale Moshi. Hakuanza na mguu, alianza na viatu. Soli ya kulia imelika upande wa nje tu. Akasema kaka tembea hadi mlangoni urudi, tena, tena. Akaniuliza uzito, nikamwambia nilikuwa kilo 81 sa hivi 70. "Kaka, hizo kilo kumi na moja unadhani zilitoka tumboni tu?"

Sasa hiki kitu ndo kilinimaliza. Kachukua udongo laini ule wa watoto kuchezea, kaufinyanga kama gololi kubwa, kaudondosha ndani ya soketi mpaka chini kabisa. Vaa na soksi zako zote, simama, weka uzito wote. Nikavua. Ile gololi imekuwa chapati. Ilitakiwa ibonyee kidogo tu, yangu kigutu kilikuwa kinazama hadi chini kinagonga plastiki kila hatua, miezi yote ile.

Nilijua ataniambia nunua mguu mzima. Hapana. Soketi mpya, kigutu kikafungwa bendeji za plasta upya kuchukua umbo. Wayo mpya, ule wa zamani mpira wa kisigino ulishapasuka kwa ndani, ndo klik yenyewe. Bomba lilelile. Na akasema kama ningeenda mapema mwaka wa tatu huenda angebandika sponji ndani ya soketi akanyoosha na mlalo, yaani mguu ulivyokaa chini ya soketi, basi. Bei siandiki maana inategemea na sehemu, ila ilikuwa chini ya niliyokuwa naogopa.

Kingine nilichojifunza kwa ujinga wangu, kiatu. Nilinunua kiatu cha mtumba Makoroboi cha harusi, kisigino kimenyanyuka, goti likawa linasukumwa mbele siku nzima nikaanza kulaumu mguu mpya. Mguu umepangwa kwa urefu wa kisigino ulichoenda nacho kwa fundi, ukibadilisha aina ya kiatu rudi naye apange.

Kwa wenye watoto, wao wanarefuka, ukiona mtoto ameinama kiuno upande wa bandia usimgombeze atembee vizuri, mguu umeshakuwa mfupi. Na kidonda kikitokea vua, usivae juu ya plasta, mwenye kisukari ndo kabisa asilale nacho.

Sa hivi asubuhi navaa plai moja, jioni mbili. Mabatini napanda bila kupuliza. Ila toka juzi kuna kaklik kadogo nikishuka jiwe la mwisho, mke wangu kashasikia, Jumatatu naenda akakaze bolti.