Seti ya wino wa Kijapani: pesa yako imo kwenye jiwe

Mimi kazi yangu ni hina na piko, hapa Mikindani. Korosho zikishalipwa, harusi hufuatana mpaka mgongo unakataa. Narudi nyumbani usiku wa manane, vidole vimekaza na usingizi umeruka. Ndiyo maana niliagiza seti ya kuandikia ya Kijapani kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo, ikaja na basi. Shilingi 95,000 pamoja na nauli ya mzigo. Ghali, sikatai.

Boksi lina burashi mbili, karatasi nyembamba, kitambaa kizito cha kutandika, chuma cha kukandamizia karatasi, kijiti cha wino mkavu na jiwe jeusi lenye kishimo upande mmoja. Hivi viwili vya mwisho ndivyo vilivyonifanya niandike.

Kijiti ni masizi yaliyoshikanishwa kwa gundi ya wanyama na kutiwa manukato. Mji wa Nara ndio unaosifika kwa kuvitengeneza. Unadondosha matone machache ya maji kwenye bapa la jiwe, unazungusha kijiti taratibu. Maji yanageuka kijivu, yanakuwa meusi, yanakuwa mazito, na harufu inapanda puani kidogo kidogo. Ukikandamiza kwa hasira, wino unatoka na chenga na mstari unakwaruza. Kwa hiyo huna ujanja, lazima upoe. Ikifika saa ya kushika burashi, mabega yangu yameshashuka yenyewe. Wanafunzi wa Japani wengi hutumia wino wa chupa ili kipindi kisiishe wakisugua, na siwalaumu. Wewe unayetafuta pumziko, chupa achana nayo.

Burashi kubwa ni nzuri kwelikweli: ukiinyanyua, nywele zinarudi kuwa ncha. Koni ya hina hutoa mstari wa unene mmoja. Hii hunenepa na kukonda kadiri unavyoilaza. Ila kanuni yao ni kali, mstari ukishapita haurudiwi. Mimi niliyezoea kufuta kwa pamba na kijiti cha meno, hilo lilinichoma! Mkono ukitetemeka, karatasi inakuumbua.

Anayejifunza hupewa herufi yao ya “milele”, 永, kwa kuwa ndani yake mna mikato minane ya msingi ya burashi. Mimi Kijapani sijui, napiga mstari mmoja wa kulala, halafu naandika majina ya watu wangu kwa herufi za Kiarabu kama tulivyofundishwa chuoni. Hakuna aliyenikataza.

Wenyewe wanajua maandishi yanatuliza. Pale Saihoji, hekalu la Kyoto lenye bustani ya kuvumwani, ule ukijani laini unaotanda chini kama zulia, wageni huketishwa wanakili maneno ya sala. Na yupo Yayoi Kusama, mchoraji aliyezaliwa 1929, ambaye tangu utotoni alikuwa akiona vitu visivyokuwepo, na akavigeuza kuwa nukta turubai zima. Mwaka 1977 alichagua mwenyewe kwenda kuishi katika hospitali ya magonjwa ya akili Tokyo, huku akiendelea kuchora kwenye karakana ya jirani. Nilipoziona nukta zake niliangalia vidoti vyangu vya piko kwa jicho jingine.

Sasa lawama. Karatasi hazikuletwa kwa ajili ya pwani yetu. Masika zinavuta unyevu, wino unatambaa kama mafuta kwenye khanga. Zifungie kwenye kopo lenye mfuniko, na mazoezi fanyia kwenye magazeti ya zamani. Hata Japani wanafanya hivyo. Burashi ioshwe kwa maji matupu bila sabuni, itundikwe ncha ikiwa chini penye upepo, la sivyo inaota kuvu. Kijiti usikiache kimelala kwenye maji, kifute, la sivyo kitapasuka.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akupigie picha ya jiwe kwa karibu. Kuna seti zenye plastiki nyeusi iliyoumbwa kama jiwe, inafaa kwa wino wa chupa tu, kijiti kinateleza juu yake bila kusagika.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya karatasi na ile burashi ndogo, inayomwaga nywele tangu siku ya kwanza. Sasa napakia nayo maji ya ndimu na sukari juu ya hina ya wateja.