Matembezi ya Ziwa Ngosi na waongozaji wa kijijini

Mwezi uliopita nilitembea hadi Ziwa Ngosi, kwenye Milima ya Poroto, nikiongozwa na vijana wa kijiji kilicho kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Huduma yao ni nzuri, bei waliisema mapema, na walitupatia fimbo za kutembelea bila malipo ya ziada.

Kilichonigusa zaidi ni namna wanavyoitunza njia yenyewe. Katikati ya mashamba ya viazi mviringo tulikuta mkulima amesogeza matuta hadi njia ikabaki nyembamba kiasi cha unyayo mmoja. Kiongozi wetu hakukanyaga zao hata moja, bali alituzungusha pembezoni, kisha akaenda kumsalimu yule mzee na kuzungumza naye kwa heshima kuhusu mpaka wa njia. Nilifurahi sana, kwa kuwa njia ile ni ya kina mama wabebao kuni na watoto waendao shule kabla ya kuwa ya watalii, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua haki ya njia ya umma.

Ndani ya msitu wa mianzi, mteremko unateleza mno mvua ikinyesha, kwa hiyo vaeni buti. Upungufu mmoja: hakuna kibao chochote kwenye njia panda ya pili, na mgeni asiye na kiongozi ataishia shambani mwa mtu. Naomba kibao hicho kiwekwe kabla ya masika.