Fizostigmini au neostigmini?
Zote mbili ni dawa za kundi la kemikali liitwalo kabameti, na kazi yao ni moja: hukishika kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuiamuru misuli, kikakaa kimefungwa kwa muda kabla ya kujinasua. Asetilikolini huongezeka, misuli ikasikia amri tena.

Fizostigmini ndiyo kongwe. Ilitoka kwenye maharagwe ya Calabar, Nigeria, yenye sumu, ambayo mtuhumiwa alipewa kama kiapo cha kupima hatia. Akitapika, kaponea hapo. Haina chaji ya umeme ya kudumu, hivyo hupenya mpaka ubongoni. Mtu aliyekula mnanaha, mboni zimetanuka, kinywa kikavu, anaongea na watu wasiokuwepo: huyo neostigmini haimrudishii akili, fizostigmini inaweza.

Neostigmini hubeba chaji muda wote, ubongo haiugusi. Kwangu hiyo ni sifa, si kasoro. Upasuaji ukiisha, mtaalamu wa usingizi huichoma mshipani ili kuiamsha misuli iliyolegezwa kwa dawa, pamoja na atropini, maana ikienda peke yake moyo hupunguza mwendo na mate humjaa mgonjwa. Dakika chache baadaye kifua kinapanda chenyewe.

Mwaka 1934, London, daktari Mary Walker alimchoma fizostigmini mgonjwa wa myasthenia gravis, ugonjwa unaodhoofisha misuli, na kope zilizolegea zikainuka. Mwaka uliofuata alishahamia neostigmini.