Kumbloki au kumjibu kikavu?

Umeshaachana na mtu wa mimi-mimi, yule ambaye kila kitu lazima kimhusu yeye, halafu wiki ya tatu simu inawaka saa sita usiku: "Nimeota unaumwa, upo?" Hapo ndo unajiuliza nimbloki au nimjibu tu kikavu yaishe.

Mi naegemea kumbloki. Kwenye WhatsApp meseji yake inabaki tiki moja, we hata huioni, usingizi unarudi. Shida atakuja na namba mpya, au atamtuma shangazi yako "akusalimie tu", na ukibloki ukafuta na chati kabla hujapiga skrinishoti za matusi na vitisho, siku ya kuripoti utabaki unahadithia kwa mdomo. Kwa hiyo hifadhi kwanza ndo ubloki.

Kujibu kikavu ni kwa wasioweza kukata kabisa, mfano mmezaa pamoja. "Nitamleta saa kumi." Basi. Huelezi, hujitetei, huulizi hali. Inachosha balaa maana atachokonoa ya zamani mpaka apate panapouma, na ukinyamazia meseji 19 afu ya 20 ukalipuka, umeshamfundisha kwamba bei yako ni meseji 20, kesho anaanza upya.

Kama hamna mtoto wala kazi ya pamoja, sioni kwa nini ujitese na hii ya pili. Ila akitishia kukudhuru, bloki peke yake haitoshi, waambie watu wako na uende polisi na zile skrinishoti.