Elektroni itoke kwenye samari au kwenye ligandi?

Wanaofanya upunguzaji (kuipa molekuli elektroni) kwa lanthanidi, kundi la metali lenye samari (Sm), hubishana: utumie (C5Me5)2Sm, au (C5Me5)3Sm? C5Me5 ni ligandi, yaani kitu kinachoshikamana na metali: pete ya kaboni tano, kila moja ikiwa na kikundi cha methili.

Kwenye utayarishaji, ya kwanza inaongoza. Huanza na SmI2 (iodidi ya samari) na chumvi ya potasiamu ya C5Me5 ndani ya kiyeyushi cha THF (tetrahidrofurani), kisha viyeyushi vilivyoshikamana huondolewa. Hesabu ya elektroni nayo iko wazi: Sm²⁺ inatoa moja na kuwa Sm³⁺. Mwaka 1988 kundi la William Evans lilionyesha kwamba inashika hata naitrojeni, N2.

Ya pili ndiyo iliyowashangaza wanakemia. Kabla ya 1991 wengi waliamini ligandi tatu kubwa hivyo haziwezi kuizunguka samari. Zikaizunguka, ila kwa msongamano unaorefusha vifungo, na C5Me5, tuliyozoea kuiona imetulia tu, ikaanza kutenda. Hutoa elektroni, ikawa radikali (chembe yenye elektroni isiyo na mwenza), na radikali mbili zikaungana kuwa (C5Me5)2. Samari yenyewe hubaki Sm³⁺! Kwangu huu ndio uzuri wake, maana njia hii haihitaji metali yenye hali ya +2 iliyo rahisi kufikiwa.

Utunzaji: zote mbili hazivumilii hewa wala unyevu. Lakini ya pili hufungua hata pete ya THF, kwa hiyo kiyeyushi hicho kiepuke kabisa.

Ukitaka mmenyuko mmoja unaotabirika, chukua Sm²⁺. Ukichunguza msongamano, au metali yako haikubali +2, jaribu ligandi tatu, na uitafute (C5Me5)2 kwenye mazao yako.