Mpira wa kuvuta, mkeka na kanga: kipi kinausaidia mgongo wa mkulima wa mwani

Jibu kwanza. Nunua mpira wa kuvuta, yaani ukanda mpana wa mpira unaotanuka, mwekundu wa mita moja na nusu; wa kijani utafuata baadaye. Mkeka chukua mwembamba kuliko ule anaokusifia muuzaji. Mpira wa duara wa kujaza upepo uache dukani, mto wa nyumbani unatosha. Kanga unayo tayari. Hivi ndivyo vifaa vya Pilates ya chini, mazoezi ya kuimarisha tumbo na kiuno, ile aina isiyohitaji mashine, na ndivyo hivyo hivyo utakavyovikuta kwenye vyumba vya tiba ya viungo. Tumevitazama kwa ajili ya mtu mmoja hasa: mwanamke wa Paje au Jambiani huko Unguja, na mwenzake wa Pemba, anayerudi kutoka shamba la mwani kiuno kimekaza, akisimama mkono mmoja uko mgongoni.

Tuanze na mgongo wenyewe, kwani kifaa hakinunuliwi kabla ya kujua kazi yake. Maji yakipwa, mkulima huinama kwa muda wa saa mbili au tatu akifunga vishada vya mwani kwenye kamba kwa tai-tai, vile vijikamba vyembamba vya kufungia. Wengi huinama magoti yamenyooka na kiuno kimekunjika, na mzigo wote hubebwa na kano za nyuma ya uti wa mgongo. Kano zikivutwa muda mrefu hulegea, na hazirudi mahali pake papo hapo. Hatari yenyewe huja pale anapomaliza kufunga na kukamata kiroba kinachochuruzika maji akakinyanyua kwa mara moja. Kabla ya kiroba, simama, weka viganja kiunoni, jipinde nyuma polepole mara tano au sita, kisha subiri dakika moja au mbili. Hilo halihitaji duka lolote, na tungependa lifanywe hata na asiyenunua kitu.

Sasa mpira mwekundu, unaopata alama zetu za juu. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883 na kufungua chumba chake cha mazoezi New York katika miaka ya 1920, alizijenga mashine zake juu ya springi. Springi kadiri unavyoivuta ndivyo inavyokaza, na mpira una tabia hiyo hiyo, kwa hiyo nyumbani unashika nafasi ya mashine kwa sehemu kubwa. Kwa mpira wa chapa ya TheraBand, ukiuvuta hadi urefu wake uwe maradufu, wa njano hurudisha kama kilo 1.3, mwekundu 1.7, wa kijani 2.1, wa bluu 2.6 na mweusi 3.3. Tofauti ya rangi moja na inayofuata ni ndogo, na hapo ndipo penye faida, kwani mgongo mgonjwa unapanda ngazi bila ya kurukia. Mipira isiyo na jina haifuati mpangilio huu. Mwekundu wake unaweza kuwa mzito kama mweusi wa wengine, basi uvute kwanza hapo hapo dukani. Uinue pia mbele ya mwanga ukiwa umeutanua. Ukiona vitundu au mistari myeupe, urudishe.

Pete nyembamba za mpira za kuvaa mapajani hatuzipendi. Hujikunja zikawa kama kamba na kukata ngozi, na juu ya dera huteleza hadi magotini. Vaa suruali ndani ya dera, kisha funga kipande cha mpira mpana kwa fundo bapa.

Kinachoumaliza mpira haraka visiwani kwetu ni mafuta. Mpira asilia ukigusana na mafuta ya nazi au ya makonyo ya karafuu hulainika, hunata, kisha hukatika, na ukikatika ukiwa umevutwa hurukia usoni. Kwa hiyo mazoezi yatangulie, kuchuliwa kufuate. Mpira uoshe kwa maji na sabuni kidogo, uanike kivulini, upake poda ya watoto na uuhifadhi mbali na jua la dirishani. Usiuvute kupita mara tatu ya urefu wake. Mwenye mzio wa mpira asilia atafute aina isiyo na lateksi.

Mkeka mnene wa milimita 15 ni laini ukiukalia, lakini mguu huzama na mwili hutafuta mizani badala ya kufanya kazi. Milimita 6 hadi 10 zinatosha juu ya sakafu ya saruji. Mkeka wa ukindu uliotandikwa blanketi lililokunjwa unafaa kwa mazoezi ya kulala. Kwa ya kusimama hapana, huteleza. Kanga iliyokunjwa mara nne huwekwa chini ya kisogo. Ikikunjwa kwa urefu huwa mkanda wa kunyooshea nyuma ya paja: izungushe kwenye unyayo ukiwa umelala chali, vuta mguu hadi usikie mvuto wa wastani, shika sekunde 30. Kanga haitanuki kama mpira, na hapo ndipo ubora wake.

Mazoezi tunayoyaona yana thamani kuliko mengine ni manne. La kwanza ni pumzi. Lala chali, magoti yamekunjwa, mpira umezunguka mbavu za chini na ncha zake umezishika. Vuta pumzi kwa pua ukizisukuma mbavu upande wa kulia na wa kushoto hadi usikie mpira umekaza, kisha toa pumzi kwa mdomo huku ukivuta tumbo la chini taratibu. Mara sita. Mabega yakipanda masikioni, umevutia kifuani, anza upya.

La pili ni daraja: mpira juu kidogo ya magoti, nyayo chini upana wa nyonga, inua makalio huku magoti yakisukuma nje, seti mbili za mara nane hadi kumi. Nyuma ya paja pakikaza ghafla, visigino viko mbali. Visogeze karibu na makalio. Kiuno kikiuma, umeinua mbavu badala ya nyonga.

La tatu tunaliweka juu ya yote, kuinama kwa nyonga, kwani ndilo linalokwenda pwani. Shika mpini wa ufagio mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, kati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kama unayefunga mlango kwa nyuma mikono imejaa mizigo. Mpini ukiachana na sehemu moja tu, mgongo umekunjika. Ukilimudu, weka mpini pembeni, simama katikati ya mpira, kamata ncha mbili, inama hivyo hivyo na unyanyuke kwa kukandamiza visigino. Mara nane, seti tatu. Ukiuona mwepesi, kamata karibu zaidi na miguu.

La nne ni kulala kifudifudi ukiegemea viwiko kwa pumzi tano, kisha kunyoosha mikono polepole mara kumi, nyonga zibaki chini. Mwenye maumivu yanayoshuka mguuni asikilize hapa kwa makini. Yakipanda kutoka ugokoni kuelekea kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi kidogo, ni dalili nzuri. Yakizidi kushuka, acha siku hiyo.

Zoezi maarufu la Pilates la kupiga mikono mara mia huku kichwa na mabega vimenyanyuliwa, na lile la kujikunja kutoka kulala hadi kukaa, tungeyaacha kwa wiki za mwanzo. Mgongo uliokunjika pwani kwa muda wa saa tatu haudai kukunjwa tena mkekani. Bibi mwenye mifupa dhaifu asiyafanye kabisa. Pingili zinaweza kuvunjika.

Ratiba iifuate bahari. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kazi ya pwani ni nyingi, basi fanya pumzi na la nne tu, dakika kumi jioni. Maji mafu yakiingia, fanya yote manne siku moja ndiyo moja siyo. Wanaoacha hulalamika kwamba mazoezi yamewaumiza, na mara nyingi walifanya seti nzima siku ile ile ya bamvua. Kipimo cha maumivu: kutoka 0 hadi 10, hadi 3 endelea, 4 au 5 punguza, na asubuhi ya pili yawe yamerudi yalipokuwa. Upe mgongo wiki sita hadi nane kabla ya kuhukumu.

Je, kulipia darasa la mashine ni bora zaidi? Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona Pilates ina nafuu kwa maumivu ya kiuno kuliko kutofanya kitu cha maana, lakini hayakupata uthibitisho kwamba inazishinda aina nyingine za mazoezi. Fedha ya mashine tungeihamishia kwenye kupimwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, wapo. Mtaalamu mzuri atakutaka uiname, utembee kwa visigino na kwa vidole, atainua mguu wako ukiwa umelala, na atakuuliza kazi yako. Akikulaza kwenye mashine ya joto kabla ya hayo yote, muulize amekupima nini.

Lakini ukipoteza hisia sehemu za siri, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu ukaanza kuburuzika, usitandike mkeka. Hospitali usiku huo huo. Homa, kukonda bila sababu, au maumivu yasiyotulia hata ukilala, daktari wiki hiyo hiyo, na mpira ubaki kwenye poda yake.